Kuchagua na Kupanga Samaki wa Makundi katika Tangi Kubwa la Maji ya Chumvi

Samaki wengi wanaouzwa kwa jina la samaki wa makundi huacha kuunda kundi wakishaingia ndani ya kioo. Baharini hujikusanya kwa sababu mbili kubwa: kuna chewa na kolekole wanaowavizia, na chakula huletwa na mkondo mahali pamoja. Waondolee hofu, wamwagie chakula popote, na kila mmoja atachagua shimo lake na kuanza kupigania cheo. Ndiyo maana mtu hununua samaki kumi aina ya kromisi, mwaka ukiisha amebaki na wawili, na lawama zote zinaangukia maji. Mara nyingi maji hayana kosa. Kosa lilifanyika siku ya kununua, katika aina, idadi, ukubwa na utaratibu wa kuwaingiza.

Hesabu zote hapa ni za tangi lenye urefu wa sentimita 240, upana wa 75 na kimo cha 70. Hilo ni lita 1,260 kwa kipimo cha kioo. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 1,050. Tangi la nusu ya hapo linatosha kwa samaki aina ya kardinali tu, na hatushauri ulijaribu kwa aina nyingine zitakazotajwa.

Tangi linalowafanya wakae pamoja

Urefu ni muhimu kuliko kimo. Samaki hawa huogelea kwa ulalo, wakienda na kurudi, na tangi refu la kwenda juu lina maji mengi lakini halina njia. Mawe yasizidi theluthi ya sakafu. Yapange kama visiwa viwili visivyolingana, ukiacha uwazi wa sentimita 100 hadi 120 kati yake, na usiegemeze ukuta wa mawe kwenye kioo cha nyuma kutoka mwisho hadi mwisho. Ukuta kama huo hugawanywa vipande vipande na samaki wenye nguvu, kila mmoja na mipaka yake.

Mashimo ya kulala yahesabiwe. Kromisi na samaki aina ya anthiasi hulala mmojammoja, kila samaki katika upenyo wake, na jioni taa zinapofifia ndipo ugomvi mkali hutokea, wakati ambao watu wengi wameshaacha kutazama tangi. Kwa kundi la samaki 12 weka nyufa na mashimo yasiyopungua 15, yenye upana wa vidole viwili au vitatu. Samaki anayeamka na mapezi yaliyochanika ingawa mchana hakuna anayemfukuza, huyo amekosa mahali pa kulala.

Mkondo ndio unaowapanga. Samaki anayekula vijidudu vinavyoelea hukaa akiutazama mkondo unakotoka, na kumi wakiutazama upande mmoja tayari una kundi. Pampu za mawimbi zisukume jumla ya lita 25,000 hadi 30,000 kwa saa, yaani maji yote yazungushwe mara 24 hadi 28 hivi. Weka moja kila mwisho wa tangi na uzipangie zamu za saa kadhaa, kushoto kisha kulia. Zikisukuma zote kwa pamoja na kukutana katikati, utapata vurugu isiyo na upande, na samaki watatawanyika kufuata vurugu hiyo.

Funika tangi kwa wavu wenye matundu ya milimita 6. Anthiasi huruka, hasa wiki ya kwanza na hasa taa zinapozimwa ghafla. Taa ziwake na kufifia kwa muda wa dakika 45 hadi 60, na baada ya hapo ibaki taa hafifu ya buluu kwa saa moja.

Kwa walio Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat, joto ni jambo la kupangiwa fedha tangu mwanzo. Chumba kikiwa na nyuzi 31, taa na pampu zitapandisha maji juu zaidi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati samaki wanahitaji zaidi. Lenga nyuzi 25 hadi 26 kwa mashine ya kupoza maji. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili au tatu, lakini katika pwani yenye unyevu nguvu yake hushuka sana, na maji yanayopotea kwa mvuke lazima yajazwe kila siku kwa maji yasiyo na chumvi. Umeme ukikatika, kundi lililoshiba humaliza oksijeni upesi kuliko samaki wawili wakubwa wanaozurura polepole. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni kifaa cha lazima. Nunua mbili.

Vipimo vingine ni vya kawaida: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, sawa na uzito linganishi wa 1.026 hivi, pH 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Ila kuna jambo moja lisilo la kawaida. Kundi huingia kwa siku moja, kwa hiyo bakteria wanaokula amonia ya uchafu wa samaki lazima wawe tayari kubeba mzigo wote kwa mara moja. Kabla ya samaki yeyote, tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita na upime baada ya saa 24. Amonia na nitriti vyote viwe sifuri, mara mbili mfululizo. Tangi lililoanzishwa kwa samaki mmoja mdogo halijafikia hapo hata kama limekaa miezi mitatu, maana bakteria hukua kwa kadiri ya wanachopewa.

Aina zinazofaa, na zisizofaa

Kromisi wa kijani-buluu, *Chromis viridis*, ndiye anayenunuliwa na wengi kwa sababu ni rahisi na anapatikana kila mahali. Hata kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki yupo. Ndiye pia anayevunja moyo zaidi. Wakiwa watano au sita, mwenye nguvu humwandama mnyonge hadi ammalize, kisha huanza na anayefuata. Wakiwa wengi, ukali hugawanyika na hakuna anayebeba wote. Chini ya 12 usijaribu. Katika tangi hili 15 ni idadi nzuri, wote wa sentimita 3 hadi 4 na wote kwa siku moja. Angalia pia shina la pezi la ubavuni. Likiwa na doa jeusi, huyo ni *Chromis atripectoralis*, anayekua mkubwa zaidi, na hao wawili huchanganywa sana madukani. Kundi lenye aina zote mbili huishia kuwa na samaki wakubwa wachache wanaotawala wadogo.

Anthiasi ndio tunaowapendelea kuwa kundi kuu, kwa masharti kwamba kuna mtu au mashine ya kuwalisha mara nyingi. *Pseudanthias squamipinnis* anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Afrika Kusini na mashariki hadi Pasifiki. Jike ni wa rangi ya machungwa, mwenye mstari wa zambarau kutoka jichoni kwenda kwenye pezi la ubavuni. Dume ni mkubwa zaidi, rangi yake ni ya zambarau-waridi, na mwiba wa tatu wa mgongoni umerefuka kama uzi. Wote huzaliwa majike. Dume hutokana na jike mkubwa aliyebadilika, na hilo ndilo linaloamua jinsi ya kununua.

Njia ya kwanza ni dume mmoja na majike saba. Idadi ya majike isishuke chini ya watano, kwa sababu dume hufukuza majike mchana kutwa ili wasibadilike, na fukuza hiyo ikiwaangukia wawili tu wataacha kula na kufa. Njia ya pili, tunayoiona bora, ni majike wanane wa ukubwa unaokaribiana, wa sentimita 5 hadi 6, bila dume kabisa. Aliye mkubwa kidogo atashika uongozi ndani ya siku chache na kugeuka dume ndani ya wiki mbili hadi nne. Dume aliyekulia ndani ya kundi lake huwa mpole kuliko dume aliyeletwa, na majike wanakuwa wameshazoea vyeo vyao. Madume wawili wanahitaji tangi la lita 2,000 na zaidi, lenye visiwa vilivyo mbali, na hata hapo si jambo la uhakika.

Dume akifa, usikimbilie dukani. Wakati unatafuta mwingine, jike wa kwanza ameshaanza kubadilika. Ukileta dume mpya unakuwa na madume wawili katika nafasi ya mmoja, na anayepoteza hapo hana pa kukimbilia. Subiri mwezi. Ikibidi ongeza majike wadogo baadaye, na njia ya kufanya hivyo imeelezwa chini.

Kama kulisha mara nne kwa siku hakuwezekani, chagua *Pseudanthias bartlettorum* wa Pasifiki ya kati. Ni mdogo, hukubali chembe kavu upesi, na hustahimili ratiba ya milo miwili au mitatu. Anthiasi aina ya *Pseudanthias evansi*, wa zambarau mwenye mgongo wa njano, anapatikana pwani yetu na anavutia sana machoni, lakini wengi hukataa chakula kilichokufa na kukonda mbele ya macho yako. Yeye na *Pseudanthias tuka* wa Pasifiki ni wa watu wenye kopepodi hai (vijidudu vya baharini) za kutosha kila siku.

Kardinali ni kundi la utulivu. *Zoramia leptacantha*, mwenye mwili unaopenyeza mwanga na mistari ya buluu usoni, hafiki sentimita 7, na hukaa kama wingu dogo juu ya matumbawe yenye matawi. Weka 12 hadi 20. Hawapigani kwa maana, lakini ni waoga na midomo yao ni midogo, kwa hiyo kundi hili haliendi na samaki wanaorukia chakula kwa fujo. *Sphaeramia nematoptera* ni mnene na mvivu, saba wanatosha, na huanza kuchangamka jioni. Kardinali wa Banggai, *Pterapogon kauderni*, usimnunue kwa kundi. Wakiwa wachanga hukaa pamoja vizuri, kisha wawili huchaguana na kuwaua waliobaki. Tena ana makazi madogo sana huko Indonesia na ametajwa kuwa yuko hatarini kutoweka. Ukimtaka, chukua wawili waliozalishwa kwenye matangi.

Kangaja huunda kundi la aina nyingine, kundi la kuzurura na kuchunga mwani. *Zebrasoma flavescens*, wa njano, alikuwa akitoka Hawaii kwa wingi hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2017 uliposimamisha vibali vya kuvua kwa biashara ya matangi. Tangu watafiti wa Hawaii walipofaulu kumkuza kutoka yai mwaka 2015, wapo pia waliozalishwa na binadamu, na hao ndio wa kuchukua: ni wadogo wa lika moja, hawana vimelea vya baharini, na wamekua pamoja. Watano wa sentimita 5 hadi 7, siku moja, wakiwa wa mwisho kuingia. Kila kangaja ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia. Wawili hupambana hadi mmoja afe. Watatu, wawili humwonea mmoja. Kuanzia watano, haijulikani tena nani alikuwa anamfukuza nani. *Acanthurus triostegus*, kangaja wa milia myeusi anayejulikana sana kwenye mabwawa ya maji kupwa ya pwani yetu, ni mpole zaidi na huogelea kwa kundi kweli, lakini anahitaji mwani mwingi na hukonda upesi asipoupata. Kangaja wa buluu-unga, *Acanthurus leucosternon*, huonekana akila kwa makundi makubwa katika Bahari ya Hindi, na watu hudanganyika kwa picha hizo. Ndani ya tangi ni mmoja tu.

Kwa wenye tangi kubwa zaidi ya hili kuna *Heniochus diphreutes*, mweupe mwenye bendi mbili nyeusi na mwiba mrefu kama bendera. Watano au sita katika lita 1,500 hukaa pamoja mwaka mzima. Shida ni kwamba anafanana mno na *Heniochus acuminatus*, ambaye huishi wawiliwawili, huwa mkali akikua na huweza kudonoa matumbawe. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni kwenye picha uliyoipiga kwa karibu: *acuminatus* ana 11, *diphreutes* ana 12 au 13. Pua ya *diphreutes* pia ni fupi zaidi.

Wengine wakatae bila kujadiliana. *Dascyllus* weusi wenye madoa matatu hupendeza wakiwa na ukubwa wa kidole gumba na huwa madhalimu wa tangi wakikomaa. Kambare wa baharini wenye milia, *Plotosus lineatus*, hujikunja pamoja kama mpira wakiwa wachanga, kisha hutawanyika, hufika sentimita 30, na miiba yao ina sumu inayoweza kumlaza mtu hospitali. Mbono na kolekole wa dhahabu ni wa matangi ya makumbusho. Kolekole huyo hupita mita moja.

Kwa tangi letu la mfano mpango tunaousimamia ni huu: kardinali 15 wa *Zoramia*, anthiasi wanane, kangaja watano wa njano. Kila kundi lina tabaka lake. Kardinali hukaa chini kati ya matawi, anthiasi juu penye mkondo, kangaja juu ya mawe. Makundi mawili yanayotaka tabaka moja huvurugana hata kama hayapigani. Na kangaja wanaopita mara kwa mara wana faida moja ambayo wengi hawaifikirii: samaki mkubwa asiyedhuru huwakumbusha wadogo kwamba wenzao ni kinga, na kundi hujibana. Usipeleke mawazo hayo mbali ukatia chewa, mkunga au kikande.

Siku ya kununua

Nunua kundi zima kutoka pipa moja. Waliokaa pamoja wiki moja dukani wameshapangana vyeo, na ukichota sita huku na sita kule vita huanza upya kwako. Omba walishwe mbele yako. Anayetema chakula au kubaki kwenye kona hatakiwi. Tazama mgongo nyuma ya kichwa na tumbo. Pakiwa pamebonyea, samaki ana njaa ya siku nyingi. Linganisha mwendo wa matamvua na wa wenzake. Anthiasi anayeelea mkia juu, au anayejitahidi muda wote asipande, alivutwa haraka kutoka kina kirefu na kibofu chake cha hewa kimeumia, usitegemee apone.

Kwa kromisi na anthiasi tafuta alama nyekundu ubavuni, kama mchubuko uliokwaruzwa. Hicho ni kimelea *Uronema*, kinachokula nyama chini ya magamba. Akiwepo mmoja mwenye alama hiyo kwenye pipa, acha pipa zima, hata waliobaki wakiwa wazuri kiasi gani. Kutozingatia hili ndiko kunakoua makundi ya kromisi kwa kasi kuliko ugomvi.

Uliza pia walivuliwa wapi na kwa njia gani. Samaki waliovuliwa kwa sumu ya sianidi katika baadhi ya maeneo ya Asia ya Kusini-Mashariki wanaweza kula vizuri na bado wakakonda na kufa ndani ya wiki chache. Kwa anayenunua kutoka kwa wavuvi wa Kenya au Tanzania, sharti wawe na leseni ya kuvua samaki wa mapambo, na hakuna samaki anayetoka ndani ya hifadhi za taifa za baharini kama Kisite-Mpunguti, Watamu au Malindi kihalali.

Ukubwa ulingane. Tofauti ya sentimita moja kati ya mkubwa na mdogo inavumilika. Mbili ni nyingi kwa kromisi na kangaja.

Karantini

Hakuna anayeweza kukamata kromisi 15 ndani ya tangi la lita elfu moja bila kubomoa mawe yote. Kwa hiyo ugonjwa utibiwe kabla. Tangi la lita 200 hadi 250, bila mchanga wala mawe kwa sababu hunyonya dawa, lenye chujio la sponji lililokaa ndani ya sampu (tangi dogo la vichujio) ya tangi kubwa kwa wiki nne. Weka vipande vya bomba la PVC vya inchi moja na nusu hadi mbili, vingi kuliko samaki, na pampu ya hewa yenye nguvu. Kundi moja kwa wakati mmoja.

Siku ya kuwapokea, pima chumvi ya maji ya mfuko na ulinganishe maji ya karantini nayo kabla hujafungua chochote. Acha mfuko uelee dakika 20 ili joto lilingane, kisha fungua na uwahamishe kwa chombo mara moja. Kudondosha maji kwa saa mbili ni desturi mbaya kwa samaki waliosafiri muda mrefu. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi yao imeshusha pH, na amonia imebaki katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inakuwa sumu kali wakiwa bado ndani. Mfuko wenye samaki wanane una amonia mara nane. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie kwenye tangi lolote.

Wape siku tatu wale na kutulia. Kisha anza dawa ya shaba dhidi ya *Cryptocaryon*, kimelea cha madoa meupe, na *Amyloodinium*, kinachofanana na vumbi la dhahabu na kuua kundi zima ndani ya siku mbili au tatu. Kipimo hutegemea aina ya dawa: shaba ya ayoni huishia karibu miligramu 0.5 kwa lita, ilhali ile iliyofungwa na kemikali nyingine hufika 2.0 hadi 2.5. Kuchanganya vipimo hivyo viwili ni kuua samaki wote kwa mkupuo, kwa hiyo soma kibandiko na utumie kipimio kinacholingana na dawa yako. Kwa anthiasi panda taratibu kwa siku tano. Wakiacha kula, simama hapo ulipofika kwa siku mbili kabla ya kuendelea. Baada ya kufika, siku 30 bila kushuka hata mara moja. Siku moja chini ya kipimo inarudisha hesabu mwanzo.

Shaba ikishaondolewa kwa makaa ya kuchujia na kubadilisha maji, toa prazikwanteli miligramu 2.5 kwa lita dhidi ya minyoo ya matamvua, na urudie baada ya siku saba. Ongeza hewa siku hizo, maana bakteria hukua wakila dawa na oksijeni hushuka. *Uronema* haisikii shaba. Anayetokewa na alama nyekundu atolewe saa hiyohiyo. Uwezekano wa kupona ni mdogo, na wenzake waangaliwe mara mbili kwa siku.

Madoa meupe yakiingia kwenye tangi kubwa kwa kuruka hatua hii, samaki wote lazima watoke na tangi likae bila samaki siku 76. Wiki sita za karantini ni nafuu kuliko hapo.

Utaratibu wa kuwaingiza

Kardinali kwanza, kwa kuwa ni waoga na wanahitaji kuliona tangi kuwa lao. Anthiasi baada ya wiki sita hivi, ambazo ni muda wa karantini yao. Kangaja mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio huo, kangaja watashika tangi lote na kila atakayefuata atapokelewa kwa wembe.

Ingiza jioni, taa zikiwa zimefifia, kundi lote ndani ya nusu saa. Usilishe saa hiyo. Asubuhi washa taa kwa nusu ya nguvu na ulishe kidogo mara mbili kabla ya adhuhuri. Siku mbili za kujificha ni kawaida; siku ya tano bila kundi kutoka si kawaida, na jambo la kuangaliwa ni nani anayewazuia.

Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Ikionekana, badilisha maji lita 200 na upunguze chakula kwa nusu, lakini usiache kulisha anthiasi kabisa.

Kulisha kundi lisivunjike

Anthiasi mwenye njaa ni mkali, na tumbo lake ni dogo. Milo minne kwa siku: chembe kavu zisizozidi milimita 1 asubuhi na alasiri kwa mashine ya kulishia, mysis (kamba wadogo sana) na kopepodi wa kugandishwa mchana na jioni kwa mkono. Kila mlo uishe ndani ya dakika mbili. Kwa makundi matatu ya mfano wetu, anza na michemraba miwili ya gramu 3 kwa mlo wa kugandishwa, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, uchuje kwa wavu mwembamba ili kuondoa umajimaji wenye fosfati. Kwa kardinali sehemu ya chakula iwe ya nusu milimita. Vinginevyo wataonekana wanakula huku wakitema.

Mimina chakula mbele ya pampu ya mawimbi upande mmoja, kisigawanywe kwa mkono kila kona. Mkondo ukikisambaza, kila mmoja hukila akiwa mahali pake ndani ya kundi. Chakula kinachotua mahali pamoja hulindwa na mwenye cheo, na wa chini hubaki na njaa ingawa umelisha cha kutosha. Kwa kangaja, karatasi za mwani mkavu zifungwe sehemu mbili, mwanzo na mwisho wa tangi, kwa sababu mbabe hawezi kulinda zote mbili. Nusu karatasi kila upande kwa siku inawatosha watano wadogo.

Lishe ya namna hii hupandisha nitrati, hilo halikwepeki. Skima ya povu, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, iwe ya tangi la lita 2,000, na kila wiki ubadilishe lita 100. Anayepunguza chakula ili kusafisha maji huona nambari nzuri na kundi linalopungua.

Wahesabu kila jioni wakati wa mlo, kwa idadi kamili. Asiyetokea siku moja, tafuta. Asiyetokea siku mbili, chukua tochi baada ya taa kuzimwa na upekue nyufa na sampu. Maiti ya kromisi mmoja katika lita elfu haitaharibu maji, lakini itakwambia kama ana alama nyekundu, mapezi yaliyoraruka au mgongo uliobonyea. Mambo hayo matatu yana tiba tatu tofauti, na baada ya siku mbili kaa na konokono watakuwa wameufuta ushahidi.

Kundi likipungua

Usiongeze mmoja. Mgeni mmoja katika kundi lenye vyeo vilivyokomaa hubeba ukali wa wote. Ongeza watatu au watano kwa pamoja, wadogo kuliko waliopo, waliopita karantini yote. Waweke ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu, likining'inia ndani ya tangi, kwa siku tano hadi saba, walishwe humo huku wenyeji wakiwaona. Siku ya kuwafungulia, hamisha mawe manne au matano ya juu ili mipaka ya zamani ipotee, na ufungue jioni. Kwa kangaja, bandika kioo cha kujitazama nje ya ukuta wa pembeni kwa siku tatu; mbabe atakesha akipambana na sura yake, na wageni watapata nafasi ya kujua mashimo yalipo.

Kromisi wakibaki chini ya sita na mmoja amekuwa mkubwa kupita wengine, kuongeza hakusaidii tena. Mtoe huyo mkubwa kwanza, kwa mtego wa chupa wenye chakula ndani, umpe mwenye tangi jingine, kisha ndipo ulete kundi jipya la 12.